Tabaka za Wahindu na Nasaba Zetu



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia barazani mzee mmoja wa hapa Rusimbi mwenye neno lililomkosesha usingizi. Binti yake ameposwa na kijana niliyemsomesha mimi mwenyewe, aliyehitimu msahafu, mwenye kazi ya halali ziwani, wala hana deni la mtu. Lakini shangazi za binti wamekataa katakata. Nilipouliza sababu, mzee aliinamisha kichwa: "Maalim, wanasema babu wa babu yake alivushwa ziwa na kamba shingoni."

Ajabu ni kuwa nyumba hiyo hiyo hukaa magharibi kuwacheka Wahindu kwa tabaka zao. Na kweli mambo yale ni mazito. Kwa Wahindu mtu huzaliwa Brahman, au Kshatriya, au Vaishya, au Shudra, na nje ya hao wamo waliohesabiwa najisi, ambao leo hujiita Dalit. Hao walizuiwa visima na mahekalu, na kazi ya baba ikawa kifungo cha mwana. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, iliuharimisha unajisi huo. Mwenyekiti wa kamati iliyoiandika, Ambedkar, alizaliwa mwaka 1891 miongoni mwa hao hao. Naye mwaka 1956, katika mji wa Nagpur, aliiacha dini ya Kihindu akaingia ya Budha, yeye na maelfu ya watu wake. Sheria ilikuwa imekwisha andikwa, lakini mlango wa ndoa haukufunguka kwa karatasi. Hata waliovuka bahari kuja kwetu, Mapatel na Malohana na Mabhatia, kila kundi lilikuja na desturi ya kuozana lenyewe kwa lenyewe.

Tusiwacheke upesi. Waislamu wa Bara Hindi nao wana Ashraf, wanaojinasibisha na Uarabuni na Uajemi, na wana Ajlaf, kizazi cha waliosilimu pale pale. Na wengi wa wale hawawaozi hawa. Basi sisi wa Ujiji tuna nini cha kujivunia? Mji huu ulikuwa bandari ya misafara. Watu walikamatwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, wakapitishwa hapa kuelekea pwani. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, yaani zaidi ya miaka mia imepita, na maneno ya "mwungwana" na "mtumwa" yangali yananong'onwa jikoni posa inapoletwa.

Shangazi hao walimtuma mzee aniulize habari ya kufu, wakidhani wamenipata. Naam, kufu imo katika madhehebu yetu ya Shafii, na nasaba imetajwa ndani yake, sifichi. Lakini ni haki ya binti na walii wake, si sharti la kusihi kwa ndoa: wakiridhia wawili hao, nikahi imesihi. Tena walii wa karibu akiwapo na akiridhia, wa mbali hana pingamizi. Na shangazi, pamoja na heshima yao yote, hawamo kabisa katika mawalii.

Wengi hapa humtaja Zaid bin Haritha aliyeozwa Zainab bint Jahsh, na mwenye ubishi hujibu kuwa wale walitengana. Mimi humtaja Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikureshi, ambaye Mtume (s.a.w.) alimshauri aolewe na Usama, mwana wa huyo Zaid aliyepata kuwa mtumwa. Kwanza hakupenda; kisha akakubali, akaona kheri nyingi.

Na kama wataka mfano wa karibu, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, alitoka upande wa Kongo, akafika pwani akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akasomesha, akawa sheikh mkubwa wa Kadiria. Nilimwuliza mzee: lau sheikh huyo angaliposa kwenu, shangazi wangalisemaje? Hakujibu.

Kesho yake alikwenda kumwuliza binti mwenyewe, jambo ambalo hapana aliyelifanya tangu posa ilipoletwa. Binti alisema anamtaka. Mahari yamekwisha tajwa, na shangazi mmoja angali hasemi na mtu.