Siri ya Mgonjwa na Ufunguo Wake

Mnamo Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe habari za wanafunzi wenye virusi vya Ukimwi. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba kuunganisha majina yao na hali yao kulikiuka haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo yataja usimbaji fiche, yaani kugeuza maandishi kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Lakini fumbo halifai kitu iwapo ufunguo wazagaa. Hapa Katito, ambako mwalimu na muuguzi hukutana soko moja, siri ikivuja yaweza kumwondoa mtoto darasani kwa aibu. Kumbukumbu za kompyuta hospitalini na zisimbwe. Ufunguo abaki nao tabibu. Nasi walimu tusiudai.