Modeli Nyingi, Macho Yale Yale

Mwanafunzi yeyote wa kompyuta, awe Njoro au Nairobi, hufunzwa siku hizi kwamba modeli nyingi zikiunganishwa hushinda modeli moja. Hoja yenyewe ni ya kale. Mnamo 1907 Francis Galton alichapisha hesabu za shindano la kukisia uzito wa ng'ombe katika maonyesho ya mifugo (kama yale tuyajuayo Nakuru) huko Plymouth, Uingereza. Kadi zilikuwa 787. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa 1,198. Mwaka wa 2001 Leo Breiman akaeleza "msitu wa nasibu": miti mingi ya uamuzi, kila mmoja ukifunzwa kwa sampuli yake ya data, na katika kila tawi ukiruhusiwa kutazama baadhi tu ya vigezo. Kisha miti yote hupiga kura.

Mbona miti inyimwe habari makusudi? Naona swali hili aghalabu hupitwa mbio darasani, nalo ndilo kiini. Makosa hufutana endapo tu hayafanani.

Tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika hukutana kabla ya msimu kutoa utabiri wa pamoja, na kituo cha ICPAC huunganisha modeli za vituo mbalimbali vya dunia. Utabiri wa masika ya 2024 ulielekea mvua kubwa kuliko kawaida, na ikawa hivyo. Hata hivyo, Aprili 29 mwaka huo, usiku wa manane, makumi ya watu waliangamia Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru. Serikali ilieleza kuwa mfereji uliopita chini ya tuta la reli ulizibwa na takataka, maji yakajaa nyuma ya tuta, nalo likapasuka.

Modeli za msimu ziliiona mvua. Hakuna iliyouona mfereji. Kuziongezea nyingine kumi za aina hiyo kusingeokoa hata nyumba moja. Alihitajika shahidi wa namna nyingine: mkaguzi wa mifereji, au kipimo cha maji mtoni.

Kwa hiyo mwalimu atoaye zoezi la msitu wa nasibu asiridhike na asilimia ya usahihi iliyopanda. Amwulize mwanafunzi ni habari gani ambayo hakuna hata mti mmoja ulioipata. Tena amtake aupime msitu wake kwa mwaka mzima ambao haukuuona ulipokuwa ukifunzwa, si kwa siku zilizochanganywa ovyo, maana mvua ya leo na ya kesho ni ndugu.