Kukariri kunaua hesabu

Wadau, leo nina hasira. Nimekaa hapa Mnazi Mmoja na madesa ya kufundishia hisabati. Yanasema namba inagawanyika kwa 9 kama jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9. Basi. Kwa nini? Kimya!

Chukua sensa ya 2022: watu 61,741,120. Jumlisha tarakimu, unapata 22. Haigawanyiki, inabaki 4. Mtoto anaona mazingaombwe, kumbe ni mambo ya Kariakoo tu. Nyanya 10 ukizipanga mafungu ya tisa tisa, inabaki moja. Nyanya 100, mafungu 11, inabaki moja. Nyanya 1,000, mafungu 111, moja tena! Kwa hiyo ile 6 ya mbele inaacha sita, ile 7 inaacha saba, hivyo hivyo mpaka mwisho. Zinazobaki 22, toa mafungu mawili, zinabaki 4.

Mtasema mtihani hauulizi kwa nini. Sawa, lakini kanuni uliyoikariri ukiisahau, huna pa kuitafuta. Ukijua sababu unaiunda upya mwenyewe.

Walimu watarajiwa, tukienda darasani kugawa kanuni bila sababu, tusije tukalalamika kwamba watoto wanaogopa hesabu. Tutakuwa tumewaogopesha sisi. Nawasilisha.