Mvua Ikinyesha Pugu, Coco Wasubiri

Kila masika, kati ya Machi na Mei, bahari iliyo mbele ya daraja la Salander hugeuka rangi. Maji huwa mazito ya udongo, yamebeba chupa, vifuu na ndala za mguu mmoja. Hapo ndipo Mto Msimbazi unapomwaga mzigo wake.

Msimbazi si mto mrefu. Unaanzia milima ya Pugu, na kwa takriban kilomita 35 unakatiza Dar es Salaam, ukipita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani. Njiani hupokea majitaka ya viwandani, ya gereji na, kwa wingi, ya vyooni. Nyumba nyingi za jiji hazijaungwa kwenye mabomba ya majitaka. Zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Mabondeni, shimo likijaa na gari la kunyonya likashindwa kupenya uchochoroni, mwenye nyumba husubiri mvua. Usiku, maji yakishashika kasi, tofali hung'olewa ubavuni mwa shimo, na uchafu wa miezi huondoka na mafuriko. Ndiko kutapisha choo. Mtaa mzima hunusa, na mtaa mzima hunyamaza.

Mzigo huo huishia baharini, na mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini, yaani upande wa ufukwe wa Coco Beach.

Bahati mbaya, Pasaka na Sikukuu ya Muungano huangukia msimu huohuo. Familia hufurika Coco, watoto wakila mihogo ya kukaanga kisha wakikimbilia majini. Jua huua vijidudu vingi vya baharini, lakini tope huvikinga. Funda moja la maji hayo laweza kuleta kuhara au homa ya matumbo. Mwenye kidonda hujitafutia usaha. Penye mdomo wa mto kuna hatari nyingine: maji yakipwa, mto na bahari huvuta pamoja kuelekea kilindini, na hata kijana hodari wa kuogelea hurudi kwa taabu. Gogo au nondo iliyolala chini haionekani.

Los Angeles, wakuu wa afya huwaambia watu wakae nje ya bahari kwa saa 72 baada ya mvua. Hilo Dar es Salaam inaweza kulianza bila bajeti. Wauza mihogo, wakodisha maboya na wazazi waambiane: mvua kubwa ikinyesha, siku tatu hakuna kuogelea, na karibu na mdomo wa mto, hakuna kuogelea msimu mzima.

Manispaa nayo ipime maji kila wiki na kubandika matokeo ufukweni, mahali mtoto wa shule anapoweza kuyasoma. Raia ana haki ya kujua anaogelea katika maji gani.

Lakini kazi kubwa iko juu ya mto. Wapo wanaosema watu hawabadiliki. Wakumbuke mifuko ya rambo, iliyopigwa marufuku 1 Juni 2019, na wachuuzi wakahamia mifuko mbadala. Majirani wanaweza kuchangishana kukodi pampu ndogo zinazopenya uchochoroni, mwenye nyumba na mpangaji wakigawana gharama kabla shimo halijafurika.

Basi wakazi wa Vingunguti, Kigogo na Tabata waitishe mikutano ya mitaa na kuweka vyoo kwenye ajenda kabla ya Machi, na wale wa Kinondoni, iliko Coco, wadai kibao cha matokeo pale ufukweni.