Msituambie wahitimu hawajaiva

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, mniwie radhi. Kazi zilinibana. Leo narudi na hasira kidogo. Juzi nilikuwa kwenye mkutano mmoja wa watu wa teknolojia, na bwana mmoja mwenye kampuni akashika kipaza sauti akasema vijana wanaotoka vyuoni siku hizi hawajaiva. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nilitaka kumuuliza swali moja tu: bwana, wewe umemwivisha nani?

Mimi naandika programu za kompyuta na naishi Kanduyi, pale barabara kuu ya Malaba inapokutana na ile ya kuingia Bungoma mjini. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, hakiko mbali na hapa, na Kitale kuna chuo cha ufundi cha kitaifa. Wanafunzi wa kompyuta basi si haba huku kwetu. Kila mwaka wanamaliza, wanavaa majoho, wanapiga picha na shangazi zao, halafu wanapanda basi la Nairobi, karibu kilomita 400, na bahasha ya vyeti mapajani. Wakifika wanakuta matangazo ya kazi "ya wanaoanza" yanayodai uzoefu wa miaka mitatu. Ya wanaoanza, jamani! Na huku deni la HELB, lenye riba ya asilimia 4, linatakiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya masomo, kazi iwepo isiwepo.

Sasa njoo nikuonyeshe mafundi wa jua kali wa hapa kando ya barabara, wanaotengeneza malori. Kila fundi ana kijana wake. Siku ya kwanza kijana anashika tochi. Baada ya mwezi anafungua nati. Fundi anamgombeza, anampa pesa ya chakula cha mchana, na kabla lori halijaondoka anachungulia mwenyewe kila kitu alichogusa kijana, kwa sababu breki zikikataa kule mbele ni jina lake litakalotajwa. Sijawahi kuona fundi amebandika karatasi kwamba anatafuta mwanafunzi aliyekwisha kufungua injini kwa miaka mitatu. Angechekwa hadi Webuye.

Sisi tunaokaa kwenye viti vya kuzunguka tunafanya nini? Tuna kitu kinaitwa atachimenti. Yangu niliifanya katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Miezi mitatu nilibadilisha wino wa printa, nikaondoa virusi kwenye kompyuta za wakubwa, nikapeleka barua ghorofa ya pili. Nauli ya matatu nilijilipia. Mwishoni msimamizi akatia sahihi daftari langu kwamba nimejifunza kutengeneza mifumo ya kompyuta. Sikuwa nimeandika hata mstari mmoja. Na chuoni nako mtihani wa programu tuliufanya kwa kalamu na karatasi, kana kwamba karatasi itakuambia umesahau kufunga mabano.

Najua jibu la waajiri: kulea ni gharama. Ni kweli, na mfano upo. Andela ilianzishwa mwaka 2014, ikaingia Nairobi baadaye, na ilikuwa inawalipa vijana huku wakijifunza. Mwaka 2019, mwezi wa Septemba, ikapunguza waandishi wa programu wachanga takriban 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba wateja wanataka wenye uzoefu zaidi. Hesabu zao siwezi kuzipinga, biashara ni biashara. Lakini kumbuka mchujo wa kuingia pale ulivyokuwa mkali. Wale hawakuwa vijana wa kubahatisha, na bado walionekana wachanga mno. Kila mtu anataka chapati na hakuna anayetaka kusimama jikoni.

Basi mwaka juzi nikaamua kufanya kama fundi. Nilimchukua kijana mmoja aliyekuwa amekaa nyumbani miezi kumi baada ya kuhitimu. Alikuja na vyeti saba vya kozi za kwenye intaneti. Nikamwambia aviweke chini, nikampeleka kwa mama mmoja mwenye duka la pembejeo, anayeandika kila kitu kwenye daftari.

Baada ya wiki tatu kijana akarudi kwake na programu yenye rangi za kupendeza. Mama akaitazama, akasema, "Kijana wangu, hii ni nzuri ya kuangalia. Lakini wale wa deni niwaweke wapi?" Wateja wake wengi wanachukua mbolea leo na kulipa wakivuna. Chuoni hakuna aliyewahi kumwambia kijana kwamba duka ni deni. Akaanza upya karibu yote.

Halafu stima ikapotea katikati ya mauzo. Gunia likawa limetolewa kwenye hesabu ya stoo, mauzo yenyewe hayakuandikwa. Siku hiyo ndiyo alielewa kwa nini hatua mbili lazima ziandikwe pamoja au zisiandikwe kabisa, jambo ambalo alikuwa amelijibu vizuri sana kwenye mtihani.

Kisha ikaja M-Pesa. Safaricom walifungua Daraja mwaka 2017, na mtu anaweza kufanyia majaribio bure, kwa hiyo kijana akaiunganisha. Mteja mmoja akalipa, mtandao ukasuasua, jibu likachelewa, na kijana alikuwa ameweka kitufe cha kujaribu tena. Nusura mteja atozwe mara mbili! Alikesha siku mbili akihakikisha kila malipo yanatambuliwa kwa namba yake, na jibu likija mara mbili lihesabiwe mara moja.

Gharama yangu ilikuwa saa mbili kila Jumamosi kwa miezi mitano. Tulikaa mstari kwa mstari, na kweli nilimgombeza. Mama alimlipa. Hazikuwa nyingi, lakini nilikataa katakata afanye bure, maana kazi ya bure haina mwenye kuisimamia, na kijana akizoea bure atazoeleka bure.

Alipoanza kuomba kazi alikataliwa mahali pane, pawili bila hata kujibiwa. Pa tano walimuuliza aeleze tatizo moja alilolitatua. Akawaeleza yale malipo ya mara mbili, wakambana kwa maswali karibu saa nzima. Tangazo lilitaka miaka mitatu. Yeye alikuwa na miezi mitano na duka moja. Walimchukua.

Sasa waajiri wamepata kisingizio kipya, eti kazi za wanaoanza zitaandikwa na mashine. Haya, ziandikwe. Mashine itakuandikia kile kitufe cha kujaribu tena kwa sekunde mbili, na kizuri kuliko cha kijana wangu. Nani atajua kwamba kinamtoza mkulima mara mbili? Mkubwa wenu aliyejua hayo mwaka huu atastaafu, na nyuma yake mtakuwa mmemweka nani?

Kwa hiyo bwana wa kipaza sauti, futa ile miaka mitatu kwenye tangazo lako, chukua kijana mmoja, mlipe, na ukague kazi yake kabla lori halijaondoka. Ukishindwa, sawa, lakini usisimame tena mbele ya watu kutukana chakula ulichokataa kupika.

Mwaka huu nina wawili. Mmoja jana alinipigia kwamba mzee wa duka la vipuri pale stendi amekubali aje atazame daftari lake. Ana wasiwasi hajui aulize nini kwanza. Kesho saa tatu asubuhi namsindikiza.