Gemu Imekubaliwa. Sasa Utakula Nini?

Kila mara Mkenya anapotangaza kwamba gemu yake imekubaliwa na duka la mtandaoni, maoni hujaa makofi. "Hongera msee!" "Umetuwakilisha!" Ungedhani kijana ameitwa chuo kikuu. Mimi hutengeneza gemu hapa Lanet, pamoja na wenzangu wawili na laptopu ambayo betri yake ni ya kubahatisha, na ninasema makofi hayo yanatuchelewesha. Duka likikubali gemu yako, limekupa nafasi ya kibanda sokoni. Umeruhusiwa kutandaza nyanya. Hujauza hata moja.

Tuanze na mlango wenyewe, maana wengi bado wanauogopa bure. Kuanzia Agosti 2012 hadi Juni 2017, Steam ilikuwa na utaratibu ulioitwa Greenlight: unaonyesha gemu yako, wachezaji wanapiga kura, kisha wenye duka wanaamua. Kiro'o Games wa Yaoundé, Kameruni, walipenya enzi hizo, na gemu yao Aurion ikatoka mwaka 2016. Wakati huo, sawa, kukubaliwa kulikuwa na uzito. Leo unalipa dola 100 kwa kila gemu, kama shilingi 13,000 hivi, unajaza fomu za benki na kodi, unasubiri siku 30, wanaangalia kama gemu inafunguka na kama ukurasa wako unasema ukweli. Basi. Mwaka 2024 pekee, gemu zaidi ya 18,000 ziliingia Steam. Hiyo ni karibu 50 kila siku. Mlango unaopitisha 50 kwa siku unapigiwa vigelegele vya nini?

Google Play inataka dola 25, mara moja tu. Ina usumbufu wake: akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 ilitakiwa kwanza kupata wajaribu 20 wakae na gemu siku 14 mfululizo. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Kampuni kubwa haina shida na hilo. Wewe sasa utafute watu 12 wenye Android, wenye data, na ambao hawataifuta gemu siku ya tatu ili wapate nafasi ya picha za harusi. Inaudhi, lakini inapitika. Kuna binamu, kuna kwaya, kuna watu wa chama.

Mlango mgumu uko mbele, pale pesa inapopita.

Chukua gemu ya dola 10. Mtu wa Texas ameinunua Steam. Duka linakata asilimia 30 yake, zinabaki dola 7. Mteja akiwa Marekani, serikali ya huko inahesabu hizo 7 kama malipo ya haki za kazi yako, na inataka kodi ikatwe kabla hujaguswa na senti. Nchi yako ikiwa haina mkataba wa kodi na Marekani, kiwango ni asilimia 30. Kenya haina. Kwa hivyo zinaondoka dola 2 na senti 10, unabaki na 4.90. Mwenzako wa Johannesburg anajaza fomu ile ile, lakini Afrika Kusini ina mkataba unaoondoa kodi hiyo, kwa hivyo anabaki na 7 zake. Gemu bei moja, duka moja, mnunuzi yule yule. Yeye 7, wewe 4.90, na hapo KRA hawajabisha hodi.

Halafu kuna utani mwingine. Steam hupunguza fungu lake hadi asilimia 25 gemu yako ikishapita mauzo ya dola milioni 10, na hadi 20 ikipita milioni 50. Mwenye nacho huongezewa. Sisi wa Lanet tunalipa kiwango cha juu ili wakubwa wapate punguzo.

Na usifikiri pesa inaamua malipo tu. Inaamua hata kitakachokaa dukani. Julai 2025 Steam iliondoa gemu kadhaa za watu wazima, na itch.io ikazificha nyingi za aina hiyo zisionekane kwenye utafutaji, kwa sababu ya shinikizo la kampuni za malipo. Sina haja ya kutetea gemu hizo. Nataka uone nani ana ufunguo: si mkaguzi wa gemu, ni mwenye mashine ya kadi.

Sasa turudi nyumbani. Steam ina bei kwa randi ya Afrika Kusini, lakini shilingi ya Kenya haimo. Kijana wa Pipeline akitaka gemu yangu anaiona kwa dola na anatafutiwa kadi. Ndiyo, tangu 2022 unaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa. Mwambie hivyo mtoto wa sekondari uone atakavyokuangalia.

Hapa ndipo hukosi mjuaji wa kusema, "Shida si mlango, bana. Wakenya hawalipii gemu." Huo ni uongo, na uongo wake unaonekana ukitembea kutoka Lanet hadi Free Area. Ingia base yoyote ya PS Jumamosi mchana. Vijana wamebanana kwenye benchi, kila mmoja na sarafu zake mkononi, wanalipa kwa mechi, anayefungwa anaondoka na kulipa tena. Wanalipa kutwa nzima. Wanalipia gemu kuliko mimi ninavyolipia chakula cha mchana.

Na kuna mfano mchungu zaidi. Ukimwambia mtu pale steji kwamba unatengeneza gemu, atakuuliza mkeka wa leo uko aje. Nchi hii neno lenyewe limeshachukuliwa na kamari. Kwa nini? Kwa sababu kampuni za kamari hazikungoja mteja atafute kadi. Ziliweka paybill. Kindege cha Aviator kinapaa kwenye simu ya elfu nane, unaingiza pesa kwa M-Pesa, unazipoteza kabla chai haijapoa. Njia ya kumuuzia kijana wa Nakuru burudani kwa shilingi 20 ipo, imenyooka, ina taa. Waliotangulia kuipita ni wale wanaomfilisi. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunangoja barua pepe ya kukubaliwa.

Lanet haikosi mfano wa kufanya mambo kivingine. Miaka ya 2011 na 2012, Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alianza kutumia Twitter kutangaza wizi, mifugo iliyopotea na mikutano ya baraza, hadi magazeti ya ng'ambo yakaja kumwandika. Kilichofanya kazi hakikuwa Twitter peke yake. Alitumia Kiswahili pia, na wanakijiji wenye kabambe walipokea ujumbe kama SMS bila intaneti. Alichukua chombo cha watu wa mbali akakifunga kwenye simu ambazo watu wake walikuwa nazo tayari. Watu kwanza, sifa baadaye.

Tena maduka hupita. Planet Rackus wa Nairobi waliwahi kutoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu, kwenye simu za Nokia. Duka lile la Nokia leo halipo. Abiria wa matatu bado wapo, wameshika simu, wamekwama kwenye jamu pale barabara kuu.

Sisemi gemu zetu zote ni nzuri. Nyingine ni mbovu, na gemu mbovu haitaokolewa na mkataba wowote. Lakini gemu nzuri inayolipa 4.90 mahali pa 7 haimlishi mtu hadi atengeneze ya pili, na ni ya pili au ya tatu ndiyo huwa nzuri kweli. Ndivyo vipaji vinavyoishia kuandika kodi za tovuti za hoteli.

Kwa hivyo nina madai matatu, na hakuna hata moja la makofi.

Hazina ya Kitaifa: tangu 2016 serikali inatuambia kupitia Ajira Digital tufanye kazi mtandaoni tulete dola. Sawa. Kaeni na Marekani mwandike mkataba wa kodi, ili dola ifike ikiwa nzima. Hilo litanisaidia kuliko kongamano la vijana lenye fulana na soda.

Watengenezaji wenzangu: ingieni Steam, ingieni Play, mimi mwenyewe niko njiani. Lakini gemu itoke kwanza kwa simu ya elfu nane, kwa Kiswahili ama Sheng, na bei ya shilingi 20 kwa M-Pesa. Safaricom wana Daraja, mfumo wa kuunganisha programu na malipo. Ukitumika kwa kamari unaweza kutumika kwa mkokoteni unaoruka mashimo ya Lanet.

Na wewe msomaji: ukiona mtu ametangaza gemu yake, weka hongera mfukoni kidogo. Muulize till namba. Lipa, cheza, kisha mwambie ukweli kuhusu ile level ya tatu iliyokushinda.