Mafuta ya jua yanapoingia kwenye damu

Mzazi wa Jang'ombe mwenye mtoto mwenye ualbino akisikia kwamba mafuta ya kuzuia mionzi ya jua huingia kwenye damu, ana haki ya kushtuka. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) walichapisha matokeo ya watu 24 waliopakwa mafuta hayo mara nne kwa siku, kwa siku nne, robo tatu ya mwili. Viambato vyote vinne vilivyopimwa vilionekana kwenye damu kupita nanogramu 0.5 kwa mililita, kiwango ambacho kikivukwa mamlaka hiyo hutaka vipimo zaidi vya usalama. Oksibenzoni iliongoza kwa mbali.

Kupenya si kudhuru, na watafiti wale wale walisema watu wasiache kupaka. Mimi naona swali lenye maana zaidi ni hili: kiambato kimechanganywa na nini? Ngozi ya juu ni kama ukuta ambao udongo wake ni mafuta. Spiriti na propileni glaikoli huulegeza udongo huo, na chembe ndogo kama oksibenzoni zikapita. Dawa ya mbu yenye DEET nayo husaidia kuipitisha. Zinki oksaidi na titani daioksaidi ni habari nyingine: ni vumbi la madini, hubaki juu ya ngozi.

Huku kwetu kuna jambo ambalo utafiti ule haukuligusa, nalo ni mkorogo. Steroidi zilizomo katika baadhi ya krimu hizo hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda hupitisha kwa urahisi zaidi vitu vingi unavyopaka, hata baadhi ya viambato vya mafuta ya jua. Anayejichubua ndiye anayeyahitaji zaidi, na ndiye anayeyanywa zaidi kwa ngozi.

Kwa mtoto mwenye ualbino hesabu ni nyepesi, kwa sababu saratani ya ngozi ni hatari anayoishi nayo kila siku. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kulianzishwa utengenezaji wa mafuta ya KiliSun mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mzazi asiache kumpaka. Akiwa na nafasi ya kuchagua, achukue krimu nzito yenye zinki badala ya ile ya kupuliza yenye spiriti, asiichanganye na losheni nyingine kiganjani, na kofia pana na nguo ya mikono mirefu zipunguze sehemu ya kupakwa.